Sura ya Sita: Kuifikisha Programu Isiyokamilika kwa Watu wa Kuijaribu

Swali ambalo watengenezaji wa programu za simu huko Bukavu, Goma na Uvira huulizwa na wakuu wa mashirika, na ambalo wao wenyewe huulizana, ni hili: programu ikiwa bado inajengwa, ina kasoro zinazojulikana na zisizojulikana, na haijawekwa katika duka lolote, ipite njia gani hadi ifike kwenye simu za watu kumi au ishirini watakaoijaribu, na toleo lililorekebishwa liwafikie vipi wiki inayofuata? Jibu la haraka, nalo ndilo linalotolewa na wengi, ni kutuma faili katika kikundi cha WhatsApp. Jibu hilo lina nguvu zake na halistahili kudharauliwa, lakini linatosha kwa toleo la kwanza tu, kwa kuwa likishatumwa toleo la tatu hakuna awezaye kusema nani ana toleo gani, na kasoro inayoripotiwa leo huenda ilikwisha kurekebishwa juzi.

Sura hii inalifuata swali hilo hadi mahali pamoja, napo ni Lwiro, katika eneo la Kabare, kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Bukavu. Lwiro ni makao ya sayansi tangu taasisi ya utafiti ya zama za Wabelgiji, IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, ilipoweka hapo majengo yake, na mrithi wake, Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia kinachojulikana kwa herufi CRSN, yuko hapo mpaka sasa. Jirani kuna hospitali ya watoto wenye utapiamlo, kuna kituo cha kuwatunza sokwe na nyani yatima kilichoanzishwa mwaka 2002, na juu kidogo kuna Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Kazi za kupima, kuhesabu na kuandikisha hazikauki mahali kama hapo, na kazi za aina hiyo ndizo zinazoomba programu za simu. Wakati huohuo mtandao hushika kilimani na kupotea bondeni, simu nyingi ni za bei nafuu, na mega, kama wakazi wanavyoiita data ya intaneti, hununuliwa kidogo kidogo. Huduma itakayofaa Lwiro itafaa Bukavu pia, ilhali kinyume chake si lazima kiwe kweli.

Mfano utakaotumiwa umebuniwa, ingawa mazingira yake si ya kubuni. Ichukuliwe kwamba timu ya watu watatu inatengeneza programu ya Android ya kuandikisha mzingo wa juu wa mkono wa mtoto, kipimo kinachochukuliwa kwa utepe wa rangi na ambacho, kikiwa chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni dalili ya utapiamlo mkali. Watakaoijaribu ni wahudumu wa afya wa jamii 12, wale ambao Kongo nzima huwaita reko, kila mmoja na simu yake mwenyewe.

Toleo la majaribio, na sababu ya kulipeleka mbali

Toleo la majaribio ni programu iliyofungwa kuwa faili moja inayoweza kusakinishwa, yaani kuwekwa katika simu na kuanza kufanya kazi, wakati watengenezaji wanaendelea kuibadilisha. Katika simu za Android faili hiyo huitwa APK. Huduma ya kusambaza matoleo ya majaribio ni mtandao unaoipokea faili hiyo kutoka kwa mtengenezaji, unaihifadhi, unawaarifu wajaribu kwamba ipo, unawapa namna ya kuisakinisha, na mara nyingi unaweka kumbukumbu ya nani alichukua toleo lipi na siku gani.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini programu isijaribiwe ofisini, kwenye simu mbili tatu za timu, halafu itolewe ikiwa imekamilika. Jibu limo katika mambo madogo ambayo ofisi haiyaoni. Simu nyingi za Lwiro zimewekwa Kifaransa, na kwa desturi ya Kifaransa sehemu ya desimali hutengwa kwa mkato, kwa hiyo reko anayepima kwa sentimita ataandika 11,5. Programu iliyotengenezwa na kujaribiwa kwenye simu iliyowekwa Kiingereza hutarajia nukta, na kutegemea jinsi ilivyoandikwa, huweza kuukataa mkato huo, au kuuruka na kusoma 115, au kusoma 11 na kuitupa 5. Hapo mtoto mmoja anaweza kupata matokeo matatu tofauti, na hakuna aliyekosea kupima. Kasoro ya namna hiyo hugunduliwa na reko siku ya kwanza, na mhandisi wa Nairobi mwenye simu ya Kiingereza anaweza kukaa nayo mwaka mzima asiione.

Njia zilizopo

Njia za kusambaza ni nyingi kwa majina lakini chache kwa asili, nazo zinaweza kuwekwa katika mafungu manne:

1. Duka lenyewe la programu, likitumiwa kwa mlango wa majaribio. Google Play ina ngazi tatu, yaani majaribio ya ndani yasiyozidi watu 100, majaribio ya kundi lililofungwa, na majaribio ya wazi kwa yeyote. Akaunti ya mtengenezaji hulipiwa dola 25 mara moja tu.
2. Huduma ya kati isiyo duka. Inayotumiwa sana kwa Android ni Firebase App Distribution, mali ya Google, iliyoanza mwaka 2019 na isiyotozwa ada.
3. TestFlight ya Apple, kwa simu za iPhone na vifaa vingine vya Apple peke yake.
4. Kugawa faili moja kwa moja, kwa WhatsApp, kwa kiungo cha kupakua, kwa Bluetooth, kwa kadi ya kumbukumbu, au kwa mtandao mdogo wa ofisini usiohitaji intaneti.

Makala nyingi za kulinganisha huduma hizi hupanga jedwali la sifa na kuhesabu alama za vyema. Mbinu hiyo inampendeza mwenye huduma kuliko mtumiaji, kwa sababu sifa nyingi zinazohesabiwa, kama vile michoro ya takwimu na uwezo wa kuunganishwa na mitambo mingine, hazimgusi kabisa mtu anayeshika simu yenye nafasi ya gigabaiti moja iliyobaki. Kwa Lwiro maswali yanayoamua ni mengine: mega analipa nani, saini ya programu ni ya nani, mjaribu atajitambulisha kwa nini, na huduma ikifungwa kitabaki nini.

Mega analipa nani?

Ichukuliwe kwamba faili ya programu ya mfano ina megabaiti 40, ukubwa wa kawaida kwa programu iliyojengwa kwa zana za kisasa, na kwamba timu yenye bidii inatoa matoleo matatu kwa wiki. Kwa wajaribu 12 na kwa mwezi wa wiki nne, jumla ni megabaiti 5,760, yaani kila reko amepakua megabaiti 480 kwa ajili ya programu ambayo haijamsaidia bado. Timu isipolisemea jambo hili mapema, reko hatalalamika. Ataacha tu kupakua, na timu itadhani kwamba programu haina kasoro kwa kuwa hakuna anayeripoti.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Google Play haipeleki faili nzima kila mara: kwanza, tangu mwaka 2018 inapokea mfumo wa kufunga programu uitwao AAB, ambao umekuwa wa lazima kwa programu mpya za duka hilo tangu Agosti 2021, na kutokana na mfumo huo hukata kipande kinachohitajika na simu husika peke yake, kwa mfano lugha na aina ya prosesa yake, pili, simu ikiwa na toleo la zamani, duka linaweza kupeleka tofauti iliyopo kati ya toleo la zamani na jipya badala ya kuanza upya. Firebase ikipewa APK, na vilevile WhatsApp au kiungo cha kawaida, hupeleka faili nzima kila mara, hata kama kilichobadilika ni neno moja katika kitufe.

Hata hivyo faili nzima inaweza kupunguzwa. APK ya jumla hubeba ndani yake nakala za sehemu fulani kwa kila aina ya prosesa, wakati simu moja inatumia aina moja tu, na simu nyingi za bei nafuu bado zinatumia ile ya biti 32. Mtengenezaji akifunga faili kwa kila aina peke yake, megabaiti 40 zinaweza kushuka hadi, tuseme, 16. Akiamua pia kutoa toleo moja kwa wiki, siku inayojulikana, jumla ya mwezi kwa watu 12 inakuwa megabaiti 768. Upungufu huo haukutokana na kubadilisha huduma. Umetokana na nidhamu ya timu, na ni ajabu kwamba jambo hili halitajwi sana na wanaoandika kuhusu huduma hizi, pengine kwa sababu wanaandika wakiwa mahali ambapo intaneti haipimwi.

Njia ya nne, ikifanywa mkono kwa mkono bila WhatsApp wala kiungo, ina faida ambayo hakuna huduma ya mtandaoni inayoweza kuishinda, nayo ni kwamba haihitaji mega kabisa. Reko wanapokutana kituo cha afya kwa mkutano wao, kompyuta moja yenye faili na kifaa kidogo cha Wi-Fi vinatosha kuwapa wote 12 toleo jipya ndani ya nusu saa, na aliyekosa mkutano anaweza kuipata kwa Bluetooth kutoka kwa mwenzake wa kijiji cha jirani. Wakati intaneti ya nchi nzima ilipozimwa baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa takriban siku 20, njia hiyo ndiyo peke yake iliyobaki kwa yeyote aliyekuwa na faili ya kugawa.

Kwa ufupi: duka huokoa mega, hasa baada ya usakinishaji wa kwanza, mkono kwa mkono huziokoa zote, na huduma ya kati haiokoi chochote isipokuwa timu yenyewe ipunguze faili na idadi ya matoleo.

Saini, na namna data inavyopotea

Kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijitali, yaani alama inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri alio nao mtengenezaji peke yake, na ambayo simu huitumia kuhakikisha kwamba toleo jipya limetoka kwa mtu yuleyule aliyetoa la zamani. Saini zikilingana na namba ya toleo jipya ikiwa kubwa kuliko ya zamani, simu hubadilisha programu na kuziacha taarifa zilizomo salama. Saini zisipolingana, simu hukataa. Kwenye simu ya Kifaransa mjaribu huona maneno matatu, «Application non installée», na maneno hayohayo huweza kutokea pia nafasi ikiwa imejaa, au faili ikiwa imeharibika njiani, au ikiwa toleo linaloletwa ni la zamani kuliko lililopo. Mjaribu hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo.

Anachofanya sasa ndicho kinachopaswa kuogopwa. Ama kwa akili yake mwenyewe, ama kwa ushauri wa kijana wa jirani anayejua simu, anaiondoa programu ya zamani na kusakinisha mpya, na usakinishaji unafaulu, na kila mtu anafurahi. Lakini kuiondoa programu ya Android kwa kawaida hufuta taarifa zake zilizohifadhiwa ndani ya simu, na kama reko alikuwa na vipimo vya watoto 30 ambavyo havijatumwa kwa sababu mtandao haukushika wiki nzima, vipimo hivyo vimekwenda, bila ujumbe wowote wa kuonya kwamba vilikuwapo.

Saini hutofautianaje wakati timu ni moja? Hutofautiana kwa sababu njia zenyewe hutia saini tofauti. Faili iliyofungwa kwenye kompyuta ya mtengenezaji na kutumwa kwa WhatsApp hubeba saini ya kompyuta hiyo, na kama watengenezaji ni wawili na kila mmoja anatumia ufunguo wa majaribio unaotengenezwa na zana zake bila yeye kuombwa, tayari kuna saini mbili. Programu iliyopitia Google Play hubeba saini ya ufunguo unaotunzwa na Google. Firebase ikipewa AAB badala ya APK, hutia saini ya tatu, ya majaribio. Timu inayoanza na WhatsApp, ikahamia Firebase, ikaishia Google Play, ambayo ndiyo safari ya timu nyingi, inaweza kuwaondolea wajaribu taarifa zao mara mbili bila kujua imefanya nini.

Tiba yake si ngumu, ila inatakiwa iamuliwe kabla ya toleo la kwanza kutoka. Timu hutengeneza ufunguo mmoja, na inapofungua programu yake katika Google Play huchagua kuupeleka ufunguo huohuo badala ya kukubali ule ambao duka linapendekeza kutengeneza, ili faili ya mkononi na faili ya dukani ziwe na saini moja. Ufunguo huhifadhiwa mahali pawili, na nywila yake mahali pa tatu, kwa sababu programu inayogawiwa nje ya duka haiwezi kurekebishwa tena kwenye simu za watu ufunguo ukipotea. Jambo la pili la kufaa ni kuipa programu ya majaribio jina la ndani tofauti na la programu itakayotumika kazini, ili zikae zote mbili katika simu moja, kila moja na taarifa zake, na jaribio lililoharibika lisiguse kazi ya kweli.

Mjaribu atajitambulisha kwa nini?

Google Play na Firebase zote humtambua mjaribu kwa akaunti ya Google, yaani anwani ya barua pepe. Kwa mfanyakazi wa CRSN hilo si tatizo. Kwa reko, akaunti mara nyingi ilifunguliwa na muuza simu siku ya kununua, nywila haijulikani, na wakati mwingine simu ni ya nyumba nzima na akaunti ni ya shemeji. Timu inayokusanya orodha ya barua pepe kwa karatasi hupata, pamoja na anwani sahihi, anwani ambazo hazikuwahi kuwapo. Njia nyepesi zaidi ni kuifungua simu mbele ya mwenyewe, kutazama katika mipangilio ni akaunti ipi inayotumika kwenye duka, na kuinakili hapohapo herufi kwa herufi. Wakati wa kufanya hivyo inafaa kutazama pia tarehe na saa ya simu, kwa kuwa simu ambayo kalenda yake imerudi nyuma miaka kadhaa baada ya betri kwisha hushindwa kufungua mawasiliano salama ya mtandao, na mwenyewe huambiwa tu kwamba hakuna muunganisho.

Ugawaji wa mkono hauhitaji akaunti, lakini una deni lake: hakuna orodha. Deni hilo hupungua timu ikitoa jina la faili linalosomeka, kwa mfano «utepe-0.4.2-17.apk», na ikiandika namba hiyohiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa programu, kwa herufi kubwa, ili reko anayepiga simu kueleza tatizo aweze kuisoma bila kutafuta kwenye menyu. Vilevile simu itamwonya mjaribu kwamba faili imetoka kusikojulikana, na tangu toleo la 8 la Android, la mwaka 2017, ruhusa hiyo hutolewa kwa kila programu inayoleta faili peke yake, kwa hiyo aliyeiruhusu WhatsApp ataulizwa tena siku atakapotumia Bluetooth. Inafaa mjaribu aonyeshwe ukurasa huo mapema, na afundishwe kuirudisha ruhusa baada ya kazi, maana kumzoeza mtu kukubali kila onyo ni kumwandalia mwizi njia.

iPhone

Duka la programu la Apple lilifunguliwa rasmi kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwezi Aprili 2020, na iPhone zipo mjini Bukavu, hasa mikononi mwa wakuu wa miradi, ambao mara nyingi ndio wanaotaka programu ionekane kwenye simu zao kwanza. Njia yao ni TestFlight. Inaruhusu wajaribu wa nje hadi 10,000, lakini toleo la kwanza la wajaribu wa nje hupitiwa kwanza na Apple, akaunti ya mtengenezaji hugharimu dola 99 kila mwaka, na kila toleo hufa baada ya siku 90, hata kama limesakinishwa na linafanya kazi vizuri. Mtafiti anayeingia msituni na toleo la siku ya 85 atatoka akiwa na programu isiyofunguka. Kwa reko 12 wenye Android, iPhone ya mkurugenzi mmoja haitoshi kuwa sababu ya kulipa dola 99, na ni bora aambiwe hivyo mwanzoni kuliko mradi ulipie kila mwaka kwa heshima.

Huduma nazo hufungwa

Historia ya huduma hizi ni fupi na ina makaburi mengi. TestFlight yenyewe ilianza nje ya Apple na ilikuwa ikihudumia Android pia. Kampuni iliyoimiliki, Burstly, iliponunuliwa na Apple mapema mwaka 2014, upande wa Android ulikatwa ndani ya wiki chache. HockeyApp, iliyotengenezwa Stuttgart nchini Ujerumani na kupendwa na wengi, ilinunuliwa na Microsoft mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2014 na kufungwa Novemba 2019, na watumiaji wake wakaambiwa wahamie App Center. App Center nayo ilifungwa tarehe 31 Machi 2025. Huduma ya Beta iliyokuwa sehemu ya Crashlytics, zana ya kuripoti programu zinapokwama, iliishia mwaka 2020, baada ya Google kuinunua Crashlytics na kuileta Firebase App Distribution badala yake.

Sababu ya vifo hivyo haina fumbo: kusambaza matoleo ya majaribio ni kazi inayogharimu seva na haimpi mwenyewe fedha nyingi, kwa hiyo hudumu pale tu inapomvuta mtengenezaji kuelekea kitu kingine kinachouzwa. Firebase App Distribution iko hai na ni nzuri, lakini hata yenyewe huacha kutoa toleo baada ya siku 150, jambo ambalo si kasoro kama timu imehifadhi faili zake mahali pake, na ni msiba kama iliifanya huduma kuwa ghala. Utaratibu wa busara unaonekana katika mradi wa ODK, ulioanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambao programu yake ya kukusanya taarifa ndiyo chimbuko la KoboCollect inayotumiwa na mashirika mengi ya misaada mashariki mwa Kongo: wanaotaka matoleo ya majaribio hujiandikisha katika Google Play, na papo hapo faili za APK zenyewe huwekwa hadharani kwenye hazina ya mradi, kila moja na namba yake, ili asiye na duka asikose.

Taarifa za watoto

Hili ni fupi. Matoleo ya majaribio hujazwa vipimo vya kubuni, vyenye majina ya kubuni, mpaka programu ikubaliwe kwa kazi. Kongo ina Kanuni ya Masuala ya Kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, inayolinda taarifa binafsi, na taarifa za afya ya mtoto ni za kwanza kulindwa. Picha ya skrini ambayo mjaribu huituma kikundini kuonyesha kasoro huwa na jina la mtoto juu yake, na hakuna huduma ya kusambaza inayoweza kulizuia hilo.

Njia inayopendekezwa kwa timu ya mfano

Kwa maoni yanayotetewa hapa, timu ya Lwiro haina sababu ya kuchagua huduma moja. Wiki za mwanzo, programu ikiwa inabadilika kila siku na wajaribu wakiwa watatu au wanne walio karibu na ofisi, Firebase inafaa, ikipewa APK iliyotiwa saini ya ufunguo wa kudumu, kwa sababu inaweka orodha ya nani ana toleo gani na haimlazimishi yeyote kungoja ukaguzi. Reko 12 wanapoingia, timu ihamie Google Play, kwanza ngazi ya majaribio ya ndani, ambako toleo huweza kuwafikia ndani ya dakika chache, kisha kundi lililofungwa. Na sambamba na hayo, faili ileile yenye saini ileile ibebwe kwenye kompyuta hadi mkutano wa kituo cha afya kwa ajili ya wale ambao akaunti au mtandao umewakatalia. Huduma za kulipia kwa mwezi ziachwe. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Kavumu, karibu na Lwiro, na Bukavu, benki za mji zilifunga milango, na malipo yanayokatwa kwenye kadi kila mwezi ni kamba dhaifu ya kufungia kazi ya hospitali.

Kabla ya toleo lolote kutoka, mtu mmoja wa timu na apitie mambo haya:

- Namba ya toleo imeongezwa, na inaonekana kwenye ukurasa wa kwanza.
- Faili imetiwa saini kwa ufunguo wa timu, si wa kompyuta ya aliyeifunga.
- Toleo limesakinishwa juu ya la zamani, kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyopo, na vipimo vilivyokuwamo havikupotea.
- Simu hiyo imewekwa Kifaransa.
- Ujumbe unaoambatana unasema nini kimebadilika na nini kijaribiwe, kwa Kiswahili, na unataja megabaiti ngapi zitatumika.

Akaunti iandikishwe kwa jina la nani?

Hili huachwa mwisho na timu nyingi, nalo hupoteza miezi. Google Play hutofautisha akaunti ya mtu binafsi na ya taasisi. Aliyefungua akaunti binafsi baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hawezi kuitoa programu kwa umma mpaka aijaribu katika kundi lililofungwa kwa siku 14 mfululizo. Wajaribu waliotakiwa mwanzoni walikuwa 20, na tangu Desemba 2024 ni 12. Reko 12 wa mfano wanatosha barabara, mradi hakuna hata mmoja anayejiondoa siku ya kumi. Mwenye hekima huandikisha 16. Akaunti ya taasisi haina sharti hilo, lakini huombwa namba ya D-U-N-S, utambulisho wa kimataifa wa mashirika unaotolewa na kampuni ya Dun & Bradstreet, na kuipata kunaweza kuchukua hadi mwezi mmoja.

Ugawaji wa mkono pia unabanwa. Mwezi Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizothibitishwa zitahitaji programu iwe ya mtengenezaji aliyejitambulisha, hata kama haikupitia dukani, kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapuri na Tailandi, na nchi nyingine kuanzia 2027. Kwa wanafunzi na wanaojifunza kuna akaunti nyepesi iliyoahidiwa, yenye idadi ndogo ya simu. Kwa hiyo faili ya kubebwa kwenye kadi haitakufa, ila kwa kawaida nyuma yake itabidi kuwe na jina. Jina hilo likiwa la mwanafunzi aliyepata mkataba wa miezi sita, siku atakapohamia Kigali au Kampala akaunti itaondoka naye, pamoja na ufunguo na wajaribu. Ni heri liwe la hospitali au la kituo, kwa barua pepe ya ofisi inayosomwa na watu wawili, na maombi ya D-U-N-S yatumwe juma lilelile ambalo mstari wa kwanza wa programu unaandikwa, kwa kuwa mwezi huo mmoja wa kungoja ndio huohuo ambao timu itakuwa bado inarekebisha suala la mkato na nukta.